Mwaka Ufunguo wa Depo Ulipoisha

Grâce, kijana wetu wa kazini, ndiye aliyenisukuma niandike. "Papa Dieudo," alisema, "weye unasema sana. Sasa andika, siye tutasoma polepole." Basi naandika. Na yule atakayeona najisifu, aende kwanza aulize mjini nani alifikisha programu za Linux mpaka Tchomia na Komanda wakati intaneti ya Bunia ilikuwa inatembea kama ng'ombe aliyeumia mguu. Watamtajia mtu mmoja tu. Watasema Papa Depo. Ni mie huyo.

Sitaandika walinilipa nini wala walinipandisha lini. Mambo hayo hayamfundishi mtu kitu. Nitaandika kazi.

Masomo yangu yaliishia sixième primaire, darasa la sita. Ng'ombe za baba ziliondoka wakati wa vita, kila moja na njia yake, nasi tukabaki kuzitaja majina jioni kama watu waliosafiri. Nikaenda kutumika katika depo ya bia karibu na soko. Wapo wanaodhani kazi hiyo ni kukaa juu ya kreti na kunusa chupa. Hapana. Depo ina sheria zake. Kreti iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Kreti ambayo hujui imetoka wapi haiingii ndani, hata anayeileta akiwa mjomba wako. Na usimwambie mteja kwamba kitu kipo wakati bado kiko juu ya lori. Nilizishika sheria hizo kuliko katekisimu, na kwa hiyo jina langu lilikuwa safi mtaani kote.

Ndiyo maana centre moja ya kufundisha ordinatere, yaani kompyuta, pale Nyakasanza iliponitafuta, sikushangaa. Walikuwa na chumba kimejaa mashine kuukuu zilizotoka ng'ambo, zimepangwa ukutani mpaka dirisha halionekani. Walitaka mlinzi asiyeiba na asiyelala. Watu hao wawili walinipata mie peke yangu.

Siku ya kwanza nilimkuta mwanamke ameinama chini ya meza, kitenge amekikaza kiunoni, anapuliza vumbi ndani ya mashine iliyofunuliwa tumbo. Hakuinuka.

"Ni weye ule wa depo ya bia?"

"Ni mie, Mama."

"Usiniite Mama, sikukuzaa. Niite Yaya. Unajua ordinatere?"

"Najua kufunga mlango."

Akacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye meza. "Bon. Ni mwanzo muzuri. Hata mie kazi yangu ni depo."

Huyo ndiye Yaya Lotsove. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na alikuwa dada mkubwa kweli, kwa miaka na kwa ukali. Alikuwa mtu wa Djugu, alisoma Kisangani, akarudi nyumbani wakati wenzake walibaki kule. Baba yangu mtu wa ng'ombe, baba yake mtu wa mihogo, pande mbili zilizopigana katika vita ile. Aliyekaa Ituri ameelewa, sina haja ya kuongeza. Ndani ya chumba kile maneno hayo hatukuyagusa hata siku moja. Tulikuwa na kazi.

Na kazi ilikuwa hivi. Mashine ya Linux, ule mfumo wa ordinatere usiouzwa, haitafuti programu dukani. Ina mahali pake pa kuchota, panaitwa depo. Humo programu zimefungwa katika pakiti, maelfu na maelfu, na kuna orodha inayosema ipi ipo, ni toleo gani, na inahitaji wenzake gani ili itembee. Ukitaka programu ya kuandika barua, mashine inasoma orodha, inachota pakiti pamoja na ndugu zake wote, inazipanga yenyewe. Kwa watu wenye intaneti nzuri ni jambo la kunywa maji na kurudi. Kwetu, wakati ule, jenereta ilimaliza mafuta kabla programu moja haijafika nusu. Wazo la Yaya lilikuwa rahisi: kama siye hatuwezi kuifikia depo, depo ije kwetu. Nzima. Juu ya disiki.

Rafiki yake wa Kampala alinakili depo yote, akaifunga ndani ya plastiki, ikavuka ziwa kwa mtumbwi wa mota mpaka Tchomia, na pale ukingoni nilikuwa mie na pikipiki. Ziwa likichafuka, disiki ilizunguka kwa lori mpaka Komanda, nami naifuata huko. Niliibeba kifuani, chini ya koti, kama mtu anayebeba mtoto wa kwanza. Nimeanguka na disiki kwenye matope ambayo lori zilikuwa zinalala ndani yake. Mguu wangu una kovu. Disiki hazina. Na zote zinanuka samaki wa moshi mpaka leo. Grâce akifungua kabati anasema: "Papa, hii ni depo ao ni samaki makayabo?" Ni vyote viwili, mutoto. Ndivyo tulivyoishi.

Yaya alinifundisha bila kitabu. Alisema jambo, akanyamaza, akaningoja nilifanye. Siku moja laini ya intaneti, ile ndogo tuliyokuwa tumeipata, ilikatika katikati ya kunakili. Orodha mpya ilikuwa imeingia, pakiti bado. Asubuhi mashine zote zikaomba vitu ambavyo havipo, zikabaki mguu mmoja kwenye toleo la zamani, mguu mmoja kwenye jipya. Simu kutoka Komanda haikunyamaza. Yaya akaniketisha akanieleza: vitu viingie kwanza, vyote, orodha iwe ya mwisho kabisa. Nikamwambia hilo nalijua, ubao wa nje hauandikwi kabla kreti hazijashuka. Akaniangalia juu ya miwani yake. "Tangu leo," akasema, "kunakili ni kazi yako. Ukikosea nitakurudisha kwenye bia." Sikurudi kwenye bia.

Tulikuwa pia na mashine moja mbovu kuliko zote, haina kifuniko, feni yake inalia kama bata. Tuliiita Muonjaji. Kila pakiti ilipita kwanza tumboni mwake, na kama hakufa, tuliipeleka kwa wengine. Alikufa mara nyingi. Tulimfufua mara hizo zote. Vijana wa hapa kazini, naona mumemsogeza karibu na mlango, na mutu ameweka chungu cha maua juu yake. Mutoe hicho chungu. Muonjaji akae mezani.

Sheria nyingine ya Yaya: pakiti ya zamani usiifute kama kuna mashine moja tu, mahali fulani, bado inaitumia. Nilimuuliza: "Na kama hatuijui iko wapi?" Akajibu: "Hasa kama hatuijui."

Sasa nifike kwenye ufunguo. Nimezunguka vya kutosha.

Orodha ya depo inatiwa sahihi. Si sahihi ya kalamu. Ni hesabu ndefu ambayo mashine inaikagua kwa ufunguo iliopewa mwanzoni, na kama mtu ameigusa orodha njiani, hata herufi moja, mashine inakataa kila kitu. Depo yetu haikuwa nakala tu ya depo ya wengine. Ilikuwa na pakiti zetu wenyewe, na kubwa kuliko zote ni programu ya stoki ya dawa kwa vituo vya afya, ambayo Yaya aliitunga kwa kichwa chake. Kwa hiyo sahihi ilikuwa yake. Ufunguo wa siri ulikaa juu ya flashi ndogo, daima iko naye. Ule wa wazi, unaobeba jina lake, uliingizwa ndani ya kila mashine tuliyoitoa, kwa mkono.

Na palikuwa na desturi, sijaiona mahali pengine. Mashine haikupokea ufunguo mpaka watu wawili wasome alama yake kwa sauti, ule mstari wa herufi na namba. Mmoja anasoma kwenye karatasi, mwingine anafuata kwenye kioo cha mashine na kurudia.

"Quatre, bé, sept, zéro."

"Quatre, bé, sept, zéro. Iko sawa."

"Usiseme iko sawa, sijamaliza!"

Mwisho wa mstari, mwenye mashine anasema: "Nimemupokea." Kama vile mgeni ameingia nyumbani mwake na amempa kiti. Wauguzi, walimu, masista, wote walisema hivyo. Nimemupokea Mama Lotsove. Halafu mashine inawashwa upya na kazi inaanza.

Yaya aliupa ufunguo wake maisha ya mwaka mmoja tu. Nilimwambia anajisumbua bure. Alisema mtu anayeshika ufunguo anaweza kufa, anaweza kuibiwa, anaweza hata kuwa mwizi, na mashine iliyo mbali haina namna ya kujua. Kila mwaka, Bonne Année, sikukuu ya mwaka mpya, ikishapita, alikuja na flashi yake akauongezea mwaka mwingine. Kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa bado hai, depo yenyewe iligawa habari hiyo kwa mashine zote. Hakuna aliyepanda pikipiki. Tulikunywa chai na mandazi, tukaita siku ile siku ya kuongeza. Lakini ukiuacha ufe kabla ya kuuongeza, hapo ni msiba: mashine zinakataa kila kitu kinachotoka depo, hata ufunguo mpya wenyewe. Inabidi uzifuate moja moja mahali zilipo.

Siku ya kuongeza ya mwisho, Yaya alikuwa na furaha. Akanielekezea andazi kama fimbo ya mwalimu.

"Dieudo, mwaka kesho tutatia wako kando ya wangu. Sahihi mbili. Mutu mumoja si depo."

"Kwa nini si leo, Yaya?"

"Ju unasoma alama kama mutu anayekimbia mvua. Unaruka. Jifunze kwanza."

Nilijifunza mwaka mzima. Nilikuwa nasoma namba za magari barabarani kwa sauti, mke wangu akaniuliza kama nimeingia polisi.

Noël iliyofuata, yaani Krismasi, Yaya alikwenda kwa mama yake, upande wa Djugu. Barabara ikafungwa na vita nyuma yake. Tulisikia yale tuliyoyasikia, na simu ikipigwa ilikuwa inasema tu kwamba haipatikani. Bonne Année ikapita. Nilinunua mandazi, yakakauka. Kisha asubuhi moja Muonjaji akawa wa kwanza kukataa. Kioo kikaandika kwamba ufunguo umeisha.

Na haikuwa wakati wa kungoja. Programu ya dawa, toleo lile lililokuwa vituoni, lilikuwa na kosa: katika ripoti lilichanganya dawa za watoto na za watu wakubwa. Yaya alikuwa amesharekebisha kabla ya kusafiri, pakiti ilikuwa tayari, Muonjaji ameionja, imebaki sahihi. Muuguzi wa Komanda akanipigia: "Papa Depo, tuko tunahesabu dawa kwa vidole. Mutatusaidia ao hapana?"

Nikatengeneza ufunguo wangu. Programu ya kutengeneza funguo inauliza jina. Niliandika langu lote, kwa herufi kubwa. Nani mwingine ningemwandika? Halafu nikapanda pikipiki. Nyakasanza nzima, vituo vya mjini, Komanda, Tchomia. Kila mashine nilifuta ufunguo uliokwisha, maana hivyo ndivyo kazi inavyotaka, nikatia wangu, tukasoma alama kwa sauti bila kuruka hata namba moja. Nimemupokea Papa Dieudo, wakasema. Nimemupokea Papa Dieudo. Nilirudi nimejaa vumbi mpaka kwenye meno, na mashine zote zilikuwa zinatembea, isipokuwa moja: ile ya poste ya afya, zahanati ndogo ya kijiji cha mama yake Yaya. Huko hakuna pikipiki iliyopita.

Najivunia safari hiyo? Najivunia. Hakuna mtu Ituri angeifanya vile. Lakini mjini watu walianza kunipa mkono na kusema: "Sasa depo imepata mwenyewe." Nilijua wanataka kusema nini, na ni kwa sababu gani wanalisema kwangu, mtoto wa mtu wa ng'ombe. Niliwaacha waseme.

Yaya Lotsove alifika wakati wa mvua kubwa. Sikumtambua mlangoni. Alikuwa amekonda, kitenge si chake, viatu si vya jozi moja. Mama yake hakufika naye, na sikuuliza, na yeye hakusema. Alikaa kwenye kiti chake, akakamata pindo la kitenge, akalikata uzi kwa meno. Ndani alitoa kitu kidogo kimefungwa plastiki, kimekazwa vizuri, vile tulivyokuwa tunafunga disiki za ziwani.

"Nilipoteza sufuria," akasema. "Nilipoteza viatu. Hii, hapana. Nilikuya kuongeza. Nimechelewa, najua."

"Yaya, mashine ziko zinatembea."

"Zinatembea namna gani?"

"Nilitia wangu."

"Wako."

"Nilizunguka kote. Nilifuta ule uliokufa..."

"Uliokufa?"

"Ulioisha, Yaya."

Akamgeukia Muonjaji, akaandika amri ya kuonyesha funguo. Likatoka jina moja, kwa herufi kubwa. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko lilivyo refu.

"Alama ulisoma na nani?"

"Na wenye mashine. Mmoja mmoja."

"Bila kuruka?"

"Bila kuruka."

"Ni vizuri," akasema, na nilijua kwamba anasema kweli, alikuwa hajui kusifu kwa uongo. Kisha akafungua kiganja, flashi iko juu yake. "Na huu?"

Nikasema: "Hakuna haja, Yaya."

Alingoja kidogo, labda aone kama nitaongeza neno. Sikuongeza. "Ni kweli," akasema. "Hakuna haja." Akaifunga tena ndani ya plastiki.

Sikukosa. Muulizeni mtu yeyote wa kazi hii, pale Kampala, popote, atawaambia Dieudo alifanya sawasawa: ufunguo ukiisha unafutwa, mashine zinapewa mwingine, kazi inaendelea. Vituo vilipata dawa zao kwa ripoti sahihi. Lakini kuna jambo ambalo nalijua toka siku ile ile, na Yaya alilijua zaidi yangu. Wakati huo mashine zote zilikuwa zinaniamini mie. Ingetosha nitengeneze pakiti moja ndogo, ndani yake ufunguo wa Yaya ulioongezwa, juu yake sahihi yangu, niiweke depo. Kesho yake mashine zote zingemjua tena. Sahihi mbili, kando kwa kando, kama alivyosema siku ya mandazi. Pikipiki isingetoka hata uani. Haja haikuwepo, hilo ni kweli. Yeye hakuwa amebeba haja kwenye pindo la kitenge kutoka Djugu.

Alikuja mara chache tena. Alikaa upande wa mlango, mahali pa wageni, akajibu kila nilichomuuliza, lakini orodha hakuigusa. Baadaye dada yake alimwita Tchomia wakaushe samaki pamoja. Nilimwona huko nilipofuata disiki. Alinipa samaki wa kupeleka nyumbani, nilimpa habari za Muonjaji. Ufunguo hatukuutaja. Halafu antena za kutazama mbinguni zikafika, intaneti ikawa intaneti, disiki hazikuvuka tena ziwa, nami sikuwa tena na sababu ya kwenda Tchomia. Mtu mwenye akili kama zangu angeweza kujitafutia sababu. Miaka ikapita hivyo.

Mwaka huu macho yamenishinda. Nilianza kuona huit mahali pa trois, nane mahali pa tatu. Tulipokuwa tunasoma alama ya ufunguo wa Grâce, yule ingeniere wenu, mhandisi ambaye sasa ndiye mkubwa wa depo, alinikatiza: "Papa, umeruka." Nikarudia. "Papa, umeruka tena." Nikajua imetosha. Ufunguo wake uliingia vizuri, kwa sahihi yangu, na depo ikaugawa kwa mashine zote. Wangu utaisha wenyewe Bonne Année ikipita, na hakuna atakayeuongeza. Hayo ndiyo makabidhiano. Hatukupiga hotuba.

Nilikuwa natoa koti langu kwenye msumari siku ya mwisho wakati mtu aliingia na gunia mgongoni. Muuguzi, anaitwa Lobo, alitoka barabara ya Djugu. Poste ya afya ya kijiji chao inafunguliwa tena, akasema, na wakati watu walipokimbia, mmoja alificha ordinatere ya poste juu ya dari ya kanisa, imefungwa turubai. Imeshuka sasa. Anataka kujua kama inapona.

Tuliiweka mezani karibu na Muonjaji. Tukatia batri mpya ya saa, tukaweka tarehe, ikawaka. Kioo kimepasuka pembeni. Grâce akaiambia ichote vitu vipya depo. Ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa tena, ikaandika sababu: ufunguo pekee inaoujua umeisha, na jina la mwenye ufunguo likatoka hapo chini.

"Papa," Grâce akauliza, "Lotsove ni nani?"

Nilitoka nje na simu.

"Yaya, ni Dieudo."

"Dieudo gani? Wa bia?"

"Wa bia."

Nyuma yake nilisikia wanawake wa samaki wakigombana, na yeye akawanyamazisha kwa neno moja.

"Yaya, mashine ya poste ya kwenu imerudi. Iko hapa mezani. Inakataa kila kitu. Inakujua weye tu."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Kioo kimepasuka upande wa kushoto?"

"Wa kushoto."

Akacheka, kile kicheko cha kujigonga kwenye meza. "Mama yangu alikiangushia kinu! Alikuwa anataka kuona jina langu ndani." Halafu kicheko kikaisha.

"Yaya," nikasema, "flashi iko?"

"Iko."

"Basi nitume gari leo. Uje uongeze. Tusome wote wawili. Nitasoma polepole, sitaruka. Tuutie kando ya ule wa mutoto wetu hapa, kwa mashine zote."

Hakukasirika, ningependa angekasirika. Alinijibu kwa upole, kama unavyomjibu mtoto anayetaka kukubebea mzigo uliokwisha kuutua.

"Leki yangu," akasema. Leki ni mdogo wake mtu. Aliniita hivyo zamani, kabla ya mvua zile alizorudi nazo. "Hakuna haja. Huyo muuguzi anangoja. Mutilie ule wa mutoto wenu, aende na kazi yake. Na macho yako, watu wananiambia hayaoni vizuri. Tafuta miwani."

Nikarudi ndani. Lobo akakaa mbele ya kioo, Grâce akashika karatasi, wakasoma. Ilikwenda vizuri. Lobo alikuwa hajui desturi, ilibidi nimwambie neno la mwisho, akasema: "Nimemupokea." Mashine ikaanza kuchota, programu ya dawa ikaingia, feni ikatulia.

"Papa," Grâce akasema, "nifute huu wa zamani?"

"Hapana."

"Lakini umeisha. Haufungui kitu."

"Najua. Uache palepale."

"Na wako? Nitie wako pia, mpaka uishe?"

"Wangu usitie."

Lobo akaifunga mashine ndani ya gunia, akaenda nayo. Iko kule sasa, katika poste, barabara ya Djugu. Siku mmoja wenu akipelekwa kuitengeneza, aandike amri ya kuonyesha funguo. Atakuta majina mawili, la Lotsove juu, la Grâce chini yake. Langu halimo. Na msidhani nilisahau. Papa Depo hajawahi kusahau kitu.